Reli mbili za ziwa Tanganyika na mwaka wa vita 1915

Wengi huuliza kwa nini treni ya Kalemie haimfikishi mtu Kigoma. Jibu linaanzia mbali, zaidi ya miaka mia iliyopita.

Wadachi walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa pili 1914. Ni kilomita zaidi ya 1,250. Upande wetu, kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa CFL ilijenga reli kutoka Kabalo, kwenye mto Kongo, ikipita Nyunzu na Niemba, kilomita 273 mpaka ziwani. Ilifika mwaka 1915. Hapo ndipo Kalemie, iliyoitwa Albertville, ilipokua.

Kwa hiyo mwaka 1915 reli mbili zilitazamana, ziwa katikati. Zote zilikuwa na upana mmoja, mita moja. Ingekuwa njia nzuri ya wafanyabiashara na watu wenye jamaa pande zote mbili. Lakini vita vilikuwa vimeanza tangu mwezi wa nane 1914, na ziwa lilikuwa mpaka wa maadui.

Treni zikabeba vita. Ile ya Kigoma ilileta meli nzima, Goetzen, ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Ikashushwa majini mwezi wa pili 1915. Ile ya Kabalo ilileta mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 mashua hizo ziliteka meli ya Wadachi Kingani, na mwezi wa pili 1916 Waingereza wakazamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi wa saba 1916 Wadachi waliizamisha Goetzen wenyewe, na askari wa Kongo chini ya Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Raia alipata nini? Wengi hawakupanda treni. Walitembea kwa miguu, mizigo ya jeshi vichwani. Baada ya vita, mapatano ya mwaka 1921 yaliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mali ya Kongo ipite bila ushuru. Goetzen iliinuliwa kutoka majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wazee wetu wanaijua meli hiyo.

Halafu reli zikaachana. Katika miaka ya 1950 njia ya Kalemie ilipanuliwa kuwa milimita 1,067 ili iungane na ile ya Katanga, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Ile ya Kigoma ilibaki mita moja. Hata kama daraja lingejengwa juu ya ziwa leo, behewa la huku lisingetembea kule.

Kwa nini nawakumbusha haya? Kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ni ile ile. Mwaka 2007 ndugu zetu waliotoka kambi za Zambia walifika Moba kwa meli kutoka Mpulungu. Na waliokimbia vita vya Watwa na Waluba, wengi wametoka Nyunzu na Niemba, vijiji ambavyo reli inavipitia.

Moba haina reli. Mtu wa hapa hutegemea barabara au mashua. Basi viongozi wakija kutuambia kwamba reli ya Kalemie itatengenezwa, tufurahi, lakini tuwaulize mambo matatu. Treni itakuwa na mabehewa ya abiria, au ya madini tu? Tiketi itakuwa bei gani kwa mama mwenye watoto watano? Na akishuka bandarini Kalemie, ni meli gani salama itakayomfikisha Moba?