Pumzi tatu za Liemba

Mwishoni mwa Julai 1916, mafundi watatu wa Kijerumani waliamriwa kuizamisha meli waliyoiunda wenyewe. Vita Kuu ilikuwa imefika Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma, na wakubwa hawakutaka meli hiyo iangukie mikononi mwa adui. Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt walitii amri, ila kwa namna yao. Waliijaza meli mchanga, wakazipaka injini grisi nzito, kisha wakaishusha majini taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ilikuwa tarehe 26 Julai. Meli iliitwa Goetzen, kwa jina la gavana wa zamani wa koloni. Sisi tunaifahamu kama Liemba, na bila grisi ile pengine tusingeifahamu kabisa.

Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Hapo vipande vikaunganishwa upya kwa ribiti, moja moja, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa ziwani. Ujiji, iliyozoea kwa vizazi kuona mitumbwi na majahazi, ikaona chombo cha chuma chenye urefu wa karibu mita 70.

Pumzi yake ya kwanza ilikuwa mvuke. Kila injini yake iliufanyisha mvuke kazi mara tatu. Mvuke wenye shinikizo kubwa uliingia kwanza silinda ndogo na kusukuma pistoni. Ukitoka hapo ulikuwa umepungua nguvu lakini haujaisha, hivyo ulipelekwa silinda ya pili iliyo pana zaidi, kisha ya tatu iliyo pana kuliko zote. Upana ulifidia shinikizo lililopotea. Kuni zilikuwa ghali kwa jasho la waliozikata na kuzibeba, na injini ya kuutumia mvuke mara moja tu na kuuachia ingekuwa ufujaji.

Wazo hilohilo, la kutoachia kitu ambacho bado kina kazi ndani yake, lilikuwa limemkaa kichwani mhandisi wa Kiuswisi aliyeitwa Alfred Büchi. Aliiangalia injini ya mafuta akaona kasoro mbili. Ya kwanza ni hewa. Mafuta hayawaki bila hewa, na injini ya kawaida huvuta tu kiasi ambacho pistoni inaweza kukinyonya yenyewe. Ukiiongezea dizeli bila kuiongezea hewa, unapata moshi mweusi badala ya nguvu. Ya pili ni moshi wenyewe, unaotoka ukiwa na joto na kasi kubwa, ukapotelea angani. Büchi aliunganisha kasoro hizo mbili zikatibiana. Moshi uzungushe gurudumu dogo lenye mapezi, gurudumu hilo lizungushe jingine kwa mtaimbo mmoja, na la pili lisukume hewa ndani ya silinda. Alipata hataza yake mwaka 1905. Hiyo ndiyo turbo.

Ilichukua miaka 20 hivi wazo lake kuingia kazini, na liliingia kwa njia ya meli. Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye turbo. Injini ambayo bila turbo ingetoa nguvu farasi 1,750 ilitoa 2,500.

Wakati huo huku kwetu kulikuwa na kazi nyingine. Wabelgiji walikuwa wameiinua Goetzen, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na walipofungua injini na boila walizikuta bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 meli ikarudi kazini, kwa injini zilezile za mvuke na kwa jina jipya la Liemba, ambalo David Livingstone aliwahi kuliandika kuwa ndilo jina la ziwa kwa watu wa pande za kusini. Hiyo ilikuwa pumzi ya pili. Mafundi watatu walikuwa wamemwekea akiba mtu wasiyemjua.

Pumzi ya tatu ilikuja katika miaka ya 1970, mvuke ulipoondolewa na dizeli kuwekwa mahali pake. Mwaka 1993 meli ilifanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Bodi ya 1913 ilibaki. Bodi hiyo ndiyo iliyowarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, kutoka Kigoma hadi Uvira, na ndiyo iliyowachukua Warundi waliokwama ufukweni Kagunga mwezi Mei 2015, mamia kwa kila safari.

Barabarani nako, wazo la Büchi lilifika Kigoma kwa magurudumu. Anayepandisha gari kutoka ziwani, mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwenda Manyovu au Heru Juu, anaijua shida yake. Kila unapopanda mita 1,000 hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ndiyo maana wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, hutamani kuifunga turbo. Ni injini mvumilivu, na haikuja nayo kiwandani.

Inawezekana, lakini historia inadai subira. 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22. Toyota ilipounda 1HD-T, yenye ujazo uleule na turbo ya kiwandani, ilishusha mbano hadi 18.6 na kubadilisha namna dizeli inavyopulizwa. Haikubandika turbo juu ya injini ya zamani na kuondoka. Anayefunga turbo kwenye 1HZ akasukuma hewa nyingi kupita kiasi, huku pampu ikimwaga dizeli bila kipimo, joto hupanda na silinda hedi hupasuka. Fundi makini huanza na rejeta safi, njia ya oili ya kwenda na kurudi kwenye turbo, hewa ya kiasi, na kipimajoto kwenye bomba la moshi.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Liemba ni mbacha wetu. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa kuikarabati tena, na moyo wangu uko kwenye kazi hiyo. Ombi langu ni moja: vijana wanaosomea ufundi VETA Kigoma waingizwe chumba cha injini, waguse ribiti zilizopigwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, waelezwe jinsi mvuke ulivyofanya kazi mara tatu na jinsi moshi wa dizeli unavyoweza kusukuma hewa ndani ya injini. Na kabla hawajashika spana, wasimuliwe habari ya watu watatu walioambiwa waiharibu mashine, wakatumia saa zao za mwisho nayo kuipaka grisi.