Asili ya Wazee Wetu wa Frere Town



Kila apitaye Kengeleni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huiona ile kengele ya zamani katika mnara wake. Lakini ni wachache waulizao ni nani walioisikia kwanza. Walikuwa mateka, nao ndio waliotuzaa.

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Hata hivyo biashara hiyo haikufa mara moja. Wenye kuifanya waliwapitisha watu nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, au waliwavusha kwa siri hata Pemba, na manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi yao. Waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa; kwa hiyo misheni ya C.M.S. ilianzisha Frere Town mwaka wa 1875. William Jones na Ishmael Semler, waliofanya kazi kati yao, walikuwa wenyewe mateka waliolelewa Bara Hindi. Wote wawili walipewa ushemasi mwaka wa 1885. Na huko Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fedha.

Mateka walipobatizwa walipewa majina mapya, na majina ya baba zao yakasahauliwa. Ndiyo sababu mtoto wa kwetu akiulizwa ukoo wake hunyamaza, na wengine huficha asili yao kwa kuwa neno mateka lilitumiwa kama tusi. Lakini aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa.

Mimi nilipokuwa kijana nilimsikia bibi yangu, aliyelelewa na mmoja wa mateka hao, akihesabu mayai kwa lugha nisiyoijua. Nilicheka, wala sikuuliza. Miaka mingi baadaye Myao mmoja alihesabu mbele yangu, nami nikayatambua maneno yale yale. Ndipo nilipojua tulikotoka. Lakini bibi alikwisha kufa, na jina la kijiji limekufa pamoja naye. James Mbotela alikuwa na busara kuliko mimi, maana aliandika habari za kutekwa kwa baba yake katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka wa 1934.

Basi, wazee, tunawasihi mtuambie mliyoyasikia: majina, nyimbo, hata neno moja. Nanyi vijana, andikeni, kisha mlinganishe na vitabu vya ubatizo.

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Wazee wetu hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Sisi tukiiacha kwa hiari yetu, hatutakuwa na wa kumlaumu.