Tabora, Kondoa, Dodoma: Historia ya Ufadhili wa Masomo ya Ng'ambo

Ufadhili wa masomo, yaani karo, nauli na fedha za kujikimu anazopewa mwanafunzi aliyewashinda wenzake kwa mtihani au kwa andiko la utafiti, umeacha alama kubwa katika nyanda za kati za Tanzania, na mvutano wake mkuu tangu awali umekuwa juu ya nani mwenye haki ya kuamua msomi asomee nini.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Tabora, ambako Julius Nyerere, baada ya kumaliza Makerere, iliyokuwa bado inatoa stashahada tu, alifundisha katika Shule ya St. Mary's chini ya Padri Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe. Kwa kutiwa moyo na Walsh aliomba na kupata ufadhili wa mfuko wa Uingereza wa maendeleo na ustawi wa makoloni, akasafiri mwaka 1949 kwenda Edinburgh. Wafadhili walimtazamia asome sayansi, naye kwanza alipitia masomo ya maandalizi ya kemia na fizikia, lakini akahamia sanaa na mwaka 1952 akatunukiwa M.A., ambayo katika vyuo vikuu vya kale vya Scotland ni shahada ya kwanza. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Uingereza ilikuwa ikizamisha takribani pauni milioni 36 katika mradi wa karanga, ambao Kongwa, mashariki ya Dodoma, ilikuwa kitovu chake, na ambao ulivunjwa mwaka 1951 bila mavuno ya maana. Si rahisi kuuweka ufadhili wa mwanafunzi mmoja kando ya hasara hiyo bila kushangaa.

Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa Oxford mwaka 1959, ulibadili utaratibu kidogo, kwa kuwa nchi ya mwombaji ilipendekeza majina ingawa nchi inayolipa ilibaki na neno la mwisho. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, safari za ng'ambo zikaanza kuelemea shahada za juu na utafiti, na hapo ndipo Dodoma ilipoingia katika maktaba za ughaibuni kama uwanja wa uchunguzi. Watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala walipima tope lililojaa katika mabwawa ya Ikowa na Matumbulu, wakachapisha matokeo mwaka 1972, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ambao mwaka 1979 uliondoa mifugo katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka vibaya. Fedha za Sweden ziliwezesha pia masomo ya uzamivu ya kugawana muda, ambapo mwanafunzi aliandika Ulaya na kurudi nyumbani kupima, asilazimike kuiacha ardhi yake ili kuisoma.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga kwa matarajio ya wanafunzi 40,000, kilihitaji wahadhiri wengi kwa haraka, na hivyo mafunzo ya wanataaluma wake yakawa jambo la lazima. Tangu 2021 sehemu ya gharama za mafunzo kama hayo katika vyuo vya umma inabebwa na mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET) wa dola milioni 425, fedha ambazo ni mkopo wa Benki ya Dunia. Atakayelipa ni Mtanzania, na kwa sababu hiyo vyuo vyenyewe vina hoja nzito zaidi ya kupanga ni taaluma zipi zitangulie.