Kompyuta inayojifunza kwa mfano

KUPROGRAMU kwa mfano ni mbinu ya kuielekeza kompyuta kwa kuionyesha tokeo linalotakiwa, badala ya kuiandikia amri. Mtaalamu Sumit Gulwani wa kampuni ya Microsoft, Marekani, alieleza mnamo 2011 jinsi ya kuitumia kwa maandishi yaliyo katika majedwali, nayo ikaingizwa katika programu ya Excel ya 2013.

Chukua karani wa Kilifi anayetaka majina ya mwisho pekee kutoka kwa orodha ndefu. Kando ya "Ronald Ngala" anaandika "Ngala", kisha anabonyeza Ctrl na E. Kompyuta hukisia kanuni na kujaza safu nzima.

Hata hivyo, mfano mmoja huafiki kanuni nyingi. Kompyuta ikikisia "neno la pili", Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, atabaki na "wa" pekee. Karani akisahihisha mstari huo, kompyuta hupata mfano wa pili na kukisia upya.

Kwa hivyo orodha ya basari au ya wagonjwa isipitishwe kabla ya kukaguliwa. Jina likikatwa visivyo, mwenyewe huenda akakosa haki yake.