Gharama za Ujenzi na Sura ya Majengo Yetu: Habari Fupi za Tofali katika Meru na Embu



Katika mikutano ya mwaka huu yamesemwa mengi juu ya ukumbi tunaokusudia kuujenga. Wako wapendao mawe kwa ajili ya heshima, wako wapendao matofali, na wako wasemao kwamba mbao zatosha. Kabla ya kupiga kura, yafaa tutazame nyuma tuone jinsi gharama zilivyoamua sura ya majengo katika nchi hii.

Hapo kale nyumba za wazee wetu zilikuwa misonge ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi. Fedha haikutumika. Kazi ilikuwa ya jamaa na majirani, na malipo yao yalikuwa chakula na pombe. Umbo lile la duara lilikuwa na hekima yake: ukuta wa duara hutumia fito chache kuliko ukuta wa pembe nne wenye nafasi ile ile ndani yake, na paa la mwinamo mkali humwaga upesi mvua ya mlimani.

Boma la Serikali lilianzishwa Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Misheni zikafuata: Kabare, iliyokuwa zamani katika wilaya ya Embu, mwaka 1910; Mujwa 1911; Kaaga 1912; na Chogoria 1922. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na Thika 1913, lakini haikufika Nanyuki mpaka 1930. Basi kila mfuko wa saruji na kila bati lililopanda huku lililipiwa safari ndefu juu ya bei yake.

Hapo ndipo tofali lilipopata nguvu. Udongo hauchukuliwi mbali, na palipo na mikono mingi na fedha chache, tofali ni rahisi kuliko kitu kingine cha kudumu. Kanisa kubwa la Blantyre, Malawi, lilijengwa kwa matofali kati ya 1888 na 1891 na mafundi waliojifunza kazi papo hapo. Lakini ukuta mzuri peke yake hauokoi jengo. Kanisa la matofali la Namirembe, Uganda, lililomalizika mwaka 1904, lilikuwa na paa la nyasi. Radi ikalipiga mwaka 1910, likateketea. Jipya halikumalizika mpaka 1919.

Wakulima wa Meru na Embu walipoanza kupanda kahawa katika miaka ya 1930, fedha ya kununulia mabati ikaanza kupatikana. Bati limenyoka, halikubali duara. Kwa hiyo nyumba zikawa za pembe nne, na upana wa chumba ukafuata urefu wa bati na wa boriti. Mwinamo wa paa nao ukapungua, na mbao za kenchi zikapungua pamoja nao.

Ukuta wa tofali moja kwa unene hutumia karibu matofali maradufu ya ukuta wa nusu tofali. Mwashi mwenye busara hujenga nusu tofali, akautia ukuta nguvu kwa nguzo za matofali hapa na pale. Katika tanuri, matofali ya kando hutoka hayakuiva vema. Hayo huwekwa katika kuta za ndani, na yaliyoiva hushika msingi na pembe. Upenu mpana hulinda ukuta usioweza kupigwa lipu.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu walilazimishwa kuhamia vijijini, wakajenga upesi kwa udongo na nyasi. Waliporudi katika mashamba yao, wengi wa Meru walijenga kwa mbao, kwa maana msitu ulikuwa karibu na mti wa muuru ulikuwa mwingi. Baada ya Uhuru wa 1963, shule za Harambee zilijengwa darasa moja moja, kadiri michango ilivyoingia.

Lakini msitu nao una bei. Mwaka 1999 uchunguzi wa ndege ulionyesha jinsi miti ya Mlima Kenya ilivyokuwa ikikatwa ovyo. Tangu hapo hatuwezi kuhesabu kuni za tanuri kuwa ni bure. Tofali la udongo na saruji kidogo, lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, halihitaji kuni. Linastahili kutazamwa na kamati.

Ndugu zangu, kuta ngapi zimesimama katika kaunti zetu bila paa, majani yakiota ndani yake, kwa sababu waliozianza walihesabu heshima wasihesabu bati? Michango ya wajane na wachuuzi wa soko imelala humo. Naomba ukumbi wetu upimwe kwanza kwa gharama ya paa, ndipo kuta zichaguliwe kwa fedha itakayobaki. Jengo dogo lililoezekwa ni heshima zaidi kuliko kubwa lililoachwa.