Aliyeokota na Aliyeandika

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alikuwa amelala kambini Olduvai, homa imembana. Mkewe, Mary, akatoka na mbwa wake kukagua mteremko. Akaona mfupa umechungulia udongoni, kisha meno, akarudi upesi kumwita mumewe. Fuvu lile likaitwa Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu. Boise ni Charles Boise, aliyefadhili uchimbaji. Mwezi uliofuata jarida la Nature likatoa habari hizo, na mwandishi alikuwa mmoja tu: L. S. B. Leakey. Kwa kanuni ya majina ya viumbe, jina hilo hufuatwa na jina la aliyeliandika na mwaka wake: Leakey, 1959. Mfadhili akaingia ndani ya jina, mume akaingia nyuma yake. Aliyeliona fuvu hakuwa na pa kuingia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika sayansi daftari ni ule mstari wa majina chini ya kichwa cha makala. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya kuonyesha nani amemrejelea nani, na mwaka 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikaanza kuiuza kwa maktaba. Nia ilikuwa kumsaidia msomaji afuatilie wazo toka makala moja hadi nyingine. Baadaye hesabu hizo zikawa mizani ya kupima watu: kazi, vyeo na fedha za utafiti. Na mizani yenyewe ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwani kazi iliyorejelewa iliorodheshwa kwa jina la mwandishi wa kwanza peke yake. Aliyetajwa kwenye shukrani hakuhesabiwa kabisa.

Shukrani ndiko walikoishia wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972, huko Koobi Fora, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo sasa linajulikana duniani kwa namba yake, 1470. Makala ya mwaka uliofuata ilikuwa na mwandishi mmoja, Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary. Mwaka 1984, siku ya mapumziko, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alikuwa akitembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, jicho lake likanasa kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Makala ya 1985 iliandikwa na Brown, Harris, Leakey na Walker. Kimeu alipata heshima nyingine: nishani aliyokabidhiwa na Rais Ronald Reagan, na baadaye nyani wa kale akaitwa Kamoyapithecus. Ni heshima kubwa, lakini hata jina hilo linaporejelewa, wanaohesabiwa ni walioliandika.

Kumbe ilikuwa inawezekana kufanya vingine, na mfano ulikuwa tayari umetolewa Tanzania. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa haba, na mmoja wao, Erasto Mpemba, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipouliza, mwalimu akamwambia amekanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni aliyekuja kuhutubia, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka; Osborne akaahidi kujaribu.

Makala ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, aliwekwa wa kwanza, na sehemu yake akaisimulia mwenyewe. Osborne alifuata. Mwaka huohuo, Kanada, G. S. Kell naye aliandika kuhusu jambo lilelile, lakini jina lililodumu ni la Mpemba. Wanafizikia wangali wanabishana iwapo maji ya moto huganda upesi kweli, na kila anayebisha hana budi kumrejelea.

Siku hizi mstari wa majina umerefuka. Mwaka 2021 Nature ilichapisha habari za mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mabaki yalipelekwa Nairobi, kisha Ujerumani na Hispania kuchunguzwa. Mwandishi wa kwanza ni mwanamke, María Martinón-Torres, na katika orodha ya waandishi yumo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hata hivyo, rudi kwenye makala ya Mpemba na Osborne. Aliyeyapima maji kwa mara ya kwanza kule Dar es Salaam alikuwa fundi kijana wa maabara. Alileta matokeo yaleyale, akaahidi kurudia mpaka apate yaliyo sahihi. Msomaji hutabasamu anapofika hapo, lakini jina la fundi huyo halimo.