Takwimu ya Halaiki

Wasafiri waendao Orlando, katika jimbo la Florida huko Marekani, ambako bustani za burudani za Walt Disney World zimepokea wageni tangu tarehe 1 Oktoba 1971, wengi wao hawakati tikiti kabla ya kutazama jedwali linaloipa kila siku ya mwaka daraja yake, tangu 1 hata 10, kwa kadiri ya wingi wa watu wanaotarajiwa. Wasemao Kiingereza wameliita jedwali hilo kwa kuunganisha neno la umati na neno la kalenda, na tafsiri iliyo karibu kwetu ni "kalenda ya msongamano". Sarufi yake haina ila; upungufu wake u katika maana.

Msongamano ni hali: watu wakizidi nafasi husongana, wawe wametoka nyumba moja au nchi mia. Bali mwenye kupanga safari hana budi kujua zaidi ya hayo. Mwezi wa Julai, shule za Brazili zifungapo katika kipupwe chao, ambacho ndicho kipupwe chetu pia, vijana huja makundi kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, wakimfuata kiongozi aliyeinua bendera. Na Januari, tangu mwaka 1994, huja wakimbiaji wa marathoni, ambao njia yao hukatiza ndani ya bustani zenyewe na kufunga barabara tangu kabla ya mapambazuko. Watu hawa hawakukutana kwa sadfa. Nia moja imewakusanya, hula wakati mmoja na kuingia foleni kwa pamoja, hata mama aliyekwisha kuwaahidi wanawe kwamba zamu yao i karibu huiona foleni ikirefuka ghafla mbele ya macho yake. Kiswahili kina neno la watu wa namna hii, nalo ni halaiki, ambalo Kiarabu kilitupa kwa maana ya viumbe, nasi tukalizoea kwa vijana wachezao kwa mpango uwanjani siku za sherehe za taifa. Wingi na nidhamu vimo ndani yake pamoja.

Na kalenda? Mimi nachagua takwimu, ambayo leo kwetu ni hesabu, na katika Kiarabu ni kalenda. Kwani wenye bustani hawatangazi idadi ya wageni wa kila siku, kwa hiyo watunzi wa majedwali hupima dakika za kungoja katika foleni, huzilinganisha na za miaka iliyopita, ndipo huzigawa kwa siku zijazo. Hesabu na kalenda zimeoana humo.

Mtu wa Lamu ataielewa istilahi hii upesi. Katika mwezi wa Mfunguo Sita, mji hujaa wageni wa Maulidi, na kwa kuwa mwezi huo hutangulia siku kama 11 kila mwaka wa jua, mgeni aliyeukuta mji umetulia mwaka jana, akirudi tarehe ile ile, huenda akakuta majahazi yamefurika.

Basi takwimu ya halaiki na imwambie msafiri ni akina nani wajao, na kwa saa zipi. Asubuhi ya marathoni atachelewa kutoka hotelini. Na Julai, akiiona bendera mlangoni pa mchezo, atawapeleka watoto kwenye mchezo mwingine, arejee kundi likisha kupita.